Taa za dharura zenye dima: uzoefu wangu katika ukumbi wa harusi, Mombasa

Ukumbi ninaousimamia uko Majengo, na kazi yake kubwa ni harusi. Maharusi wengi siku hizi wanataka taa zishushwe kwa dima, yaani kidhibiti cha kupunguza na kuongeza mwanga, bibi harusi anapoingia, kisha zipande polepole akishakaa jukwaani. Wakati huo ukumbi umejaa kina mama na watoto, viti vimebanana. Stima ikikatika hapo, na taa za njia ya kutokea zimeshushwa pamoja na nyingine, watu watakanyagana.

Ndiyo maana tulipokarabati nilitaka kifaa kinachoishinda dima. Ni kisanduku kidogo. Taa za dharura zinalishwa na inveta yenye betri, na kisanduku kinachunga stima ya kawaida ya ukumbi. Stima ikipotea, kinakata nyaya ndogo za kuongozea dima, na taa zinapanda zenyewe hadi mwanga wote, hata kama mtu ameacha kitufe chini kabisa.

Fundi wetu, mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati), aling'ang'ania jambo moja ambalo namshukuru mpaka leo. "Dada, waya wa kuchunga stima tusiuchukue kwenye mita. Tuuchukue kwenye saketi hii hii ya taa za ukumbi." Ana haki. Breka ya ukumbi peke yake ikiruka, mita bado ina stima. Kisanduku kingedhani mambo ni shwari na kuziacha taa za dharura zimefifia ndani ya giza. Tulijaribu hivyo: dima chini, breka ya ukumbi ikashushwa. Taa zikapanda papo hapo. Ukinunua, usimlipe fundi kabla hujaliona jaribio hilo kwa macho yako.

Kifaa kina alama ya UL 924, kiwango cha Marekani cha vifaa vya taa za dharura, ambako kanuni ya umeme haikubali dima ya kawaida itawale taa za dharura. Kimeandikwa volti 120 hadi 277, kwa hiyo 240 yetu inaingia bila shida. Lakini kwao taa hutakiwa kudumu dakika 90, nasi tumefuata BS 5266, kiwango cha Uingereza cha taa za dharura, ambayo kwa kawaida hutaka saa 3, na mwanga wa angalau luksi 1 (kipimo cha mwanga) sakafuni katikati ya njia ya kutokea. Basi betri zetu zimekuwa kubwa, na bei ikapanda.

Ninacholalamikia ni maelezo ya kufungia. Yanataja rangi za nyaya za Kimarekani, nyeusi na nyeupe, wakati sisi tunatumia kahawia na buluu. Fundi mgeni anaweza kuharibu. Betri nazo hazipendi joto la Pwani, kwa hiyo tumeziweka chumba chenye feni, na kila mwezi tunajaribu taa na kufuta kutu kwenye vichwa vya nyaya, maana chumvi ya hewa yetu haina huruma.

Ningekinunua tena, hata kwa bei ile.