Windows na Linux kwenye T430 moja, diski mbili: uzoefu wangu Mwanza

Kama una laptopu ya zamani yenye sehemu ya DVD usiyoitumia, usikubali fundi akugawie diski moja ili Windows na Linux zibanane humo. Toa DVD, weka diski ya pili. Nimefanya kazi za upimaji wa ardhi kwa mpangilio huu msimu mzima na sina mpango wa kuuacha.

Mashine yangu ni ThinkPad T430, toleo la 2012, nimenunua ikiwa imeshatumika. Inavumilia vumbi la Buswelu na Kisesa, na kuifungua ni rahisi. Tatizo lake ni umri. Windows 11 rasmi inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8, na hii ni ya kizazi cha 3. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mimi AutoCAD, programu ya kuchorea ramani na michoro, naihitaji kila wiki, na AutoCAD haina toleo la Linux. Lakini barua pepe na mambo ya benki siko tayari kuyafanyia kwenye mfumo usiopokea tena marekebisho ya usalama. Kwa hiyo Windows 10 imebaki kwa ajili ya kuchora tu, bila intaneti kabisa, na Linux Mint 22, mojawapo ya matoleo ya Linux, inabeba mengine yote. Hiyo Mint inahudumiwa hadi 2029.

Kinachoshika diski ya pili kinaitwa kedi, fremu yenye umbo lilelile la kifaa cha DVD. Angalia unene kabla ya kulipa: T430 inataka wa milimita 12.7, ndugu yake T430s inataka wa 9.5. Makoroboi, hapa Mwanza, nilikuta nyembamba tu, nikaagiza Kariakoo, ikaja kwa basi. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na nauli ya kwenda Dar. Ubora wake ni wa wastani: diski ilikuwa inacheza kidogo ndani, nikaibana kwa kipande cha sponji, ikatulia. Kwa bei ile naisamehe.

Kuhusu kasi, sehemu kuu ya diski kwenye T430 ni SATA 3, yenye gigabiti 6 kwa sekunde, ila ya DVD ni SATA 2, yaani nusu yake. Mimi Mint niliiweka sehemu kuu kwa sababu ndiyo naishi nayo, Windows ikaenda kwenye kedi. Zote mbili ni SSD (diski zisizozunguka), na AutoCAD inafunguka vizuri tu. Ukiweka diski ya kuzunguka kwenye kedi itafanya kazi, lakini betri itaisha mapema, na kwa umeme wetu hilo si jambo dogo.

Fundi wangu ni kijana mstaarabu na mkono wake mwepesi, ila ushauri wake wa kwanza niliukataa. "Dada, tuigawe hiyohiyo, napiga Windows na Linux, saa moja umeondoka." Nikamwambia, "Hapana mdogo wangu, kila mfumo na diski yake, na ya Windows uitoe kabisa wakati unapiga Linux."

Hilo la kuitoa ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Programu ya zamani ya kusakinisha ya Ubuntu (Linux ambayo Mint imejengwa juu yake), ambayo Mint 22 bado inaitumia, ina tabia inayojulikana ya kuweka faili za kuwashia kwenye patisheni ya EFI (sehemu ya diski yenye faili za kuwashia mfumo) ya kwanza inayoikuta, hata kama umeiambia mfumo uende diski nyingine. Ukiacha diski zote ndani, Linux yako inaweza kulala diski hii na ufunguo wake ukawa kwenye ile. Siku diski ya Windows ikifa, unazikosa zote mbili. Kwenye T430 kifaa cha DVD au kedi kinachomoka bila bisibisi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuogopa usumbufu.

Kabla ya hapo hakikisha mifumo yote miwili inawaka kwa namna moja. Mashine nyingi za umri huu zilipigwa Windows kwa mtindo wa zamani wa kuwasha (Legacy) badala ya ule mpya, UEFI. Fungua msinfo32 ndani ya Windows, soma mstari wa BIOS Mode, halafu flashi ya Mint uiwashe kwa mtindo huohuo.

Sasa nikiwasha inaingia Mint yenyewe. Nikitaka kuchora nabonyeza F12 na kuchagua diski ya pili. Faili zangu za kazi ziko upande wa Windows, kwa kuwa Mint inasoma NTFS, mpangilio wa faili wa Windows, ila Windows haisomi ext4, mpangilio wa Linux. Ili Mint iweze kuandika humo, zima ile Fast Startup ya Windows, maana inaiacha diski kama iliyolala na Linux inaifungua kwa kusoma tu. Nachora AutoCAD, natoa faili ya mchoro ya DXF, nahamia Mint na kuiweka juu ya picha ya setilaiti kwenye QGIS, programu ya ramani, kwa mfumo wa viwianishi wa Arc 1960, UTM kanda ya 36 Kusini. Kosa la kiwanja linaonekana palepale.

Saa nayo ina mambo yake. Linux hutunza saa ya mashine kwa UTC (saa ya kimataifa), Windows huichukulia kuwa saa ya hapa, na tofauti yetu ni saa 3. Saa tano asubuhi, Windows inakwambia saa mbili. Kwa kuwa yangu haina intaneti haiwezi kujirekebisha, na mchoro wa sasa hivi ungeonekana wa saa tatu zilizopita. Amri moja ndani ya Mint inamaliza: timedatectl set-local-rtc 1.

Naipa alama 9 kwa 10. Moja nimeikata kwa sababu ya kedi kucheza, na kwa kuwa kuhama mfumo kunadai kuzima na kuwasha. Anayehitaji AutoCAD na Linux kwa wakati mmoja hatafurahi. Mwenye T480 hana DVD ya kutoa, lakini nafasi ya modemu ya laini ya simu inapokea SSD ndogo ya NVMe ya saizi 2242, na hatua zilizobaki ni hizihizi.