Kamera ya elfu 45 ya kuchungulia turbo, jamani hii lenzi ya ubavuni!

Wadau habari zenu, karibuni tena. Leo tuko chini ya gari kwa hiyo mtuvumilie kwenye mwanga, mdogo wangu ndo ameshika simu hapa na hiyo kelele mnayoisikia ni jirani anapuliza rangi. Sasa nilivyoweka ile video ya turbo ya Prado, yaani ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, komenti zikajaa swali moja tu, nitajuaje turbo yangu inaelekea kufa kabla haijafa, na wengi mnasema gari ina kilomita 250,000, ina 300,000, haijawahi kufunguliwa hata nati. Haya, nimekuja na hiki kikamba hapa. Kamera ya kuchungulia, unachomeka kwenye simu.

Sifa zake nazipita, waya mita 5, taa ndogondogo kuzunguka kichwa, haiingii maji, simu za Type-C, basi, hizo mnazisoma wenyewe kwenye boksi. Mi nataka muone kitu kimoja. Sogea karibu dogo, sogea, hapo hapo. Mbele hapa kuna lenzi. Alafu geuza, ubavuni kuna lenzi ya pili. Na hapa kwenye waya kuna kitufe, ukibonyeza picha inahama, ulikuwa unaona mbele sa hivi unaona ubavuni. Mwenye bajeti ndogo ipo ya lenzi moja, hiyo nadhani na yenyewe inatosha, tutaona. Ila hiki kitufe wadau ndo kimefanya nitengeneze hii video.

Gari ya leo ni ya baba mdogo, Prado 120, injini 1KD, ile dizeli ya D4D ya lita 3, dashi inasoma 287,000. Injini mnaijua, sina haja ya kuielezea. Ninachotaka mshike ni kwamba shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na haijakalia gololi, inaelea kwenye oili. Inaelea. Kati ya chuma na chuma kuna oili nyembamba tu inayosukumwa na pampu, sasa oili ikichelewa kufika, au ikifika kidogo, ujue umeshaanza kuiua na we hujui.

Hili mi nimelilipia kwa hela yangu. Gari niliyokuwa nayo kabla ya hii ya sasa, injini hiihii, turbo ikafa, nikaenda gereji moja wakafunga nyingine, haijamaliza miezi mitatu na yenyewe chali. Nikaambiwa umeuziwa feki. Nikatafuta ya tatu, nikampelekea fundi mwingine, mtu mzima, yeye hata turbo hakuigusa, akashusha sampo kwanza, lile bakuli la oili chini ya injini. Akaniita, njoo kijana uone. Lile chujio linalonyonya oili kule chini kabisa lilikuwa limezibwa na masizi mazito kama lami, sehemu ya kupitisha oili imebaki kama ukubwa wa kidole. Turbo zangu mbili zilikufa kwa kiu! Na hakuna aliyekuwa amenishauri kuangalia huko, na mpaka leo watu wanafunga turbo juu ya chujio lililoziba, inaniuma kwa kweli.

Masizi yanatoka wapi? Nozeli za 1KD, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda, zinakalia washa za shaba, vile vipete vya kuziba. Hizo washa zikichoka, moto wa kwenye silinda unavuja unapanda juu, masizi yanaingia kwenye oili, oili inakuwa uji, uji unashuka unaganda kwenye chujio. Hiyo ndo safari yote. Kwa hiyo kwenye hizi injini matunzo ya turbo yanaanzia kwenye nozeli.

Twende kazini. Oili tumeshaimwaga asubuhi, injini ilikuwa vuguvugu, tukaacha idondoke mpaka ikaisha maana usipofanya hivyo lenzi itajaa oili huoni kitu. Na usiingize kamera injini ikiwa ya moto, kichwa chake plastiki, kitalainika humohumo. Sasa napitisha kwenye tundu la kumwagia oili... taratibu... imeingia. Angalia kwenye simu. Lenzi ya mbele inaonyesha nini? Sakafu ya sampo, oili iliyobaki, ukuta. Nasukuma tena, ukuta. Hapa ndo mwenye lenzi moja anaishia, anazungusha waya nusu saa shingo inamuuma, kwa sababu chujio liko juu yake linaangalia chini na yeye anaangalia mbele!

Sasa nazungusha ubavu uangalie juu, nabonyeza kitufe. Subiri. Subiriii... hiyo hapo! Dogo umeipata? Ule wavu unaouona ule ndo chujio lenyewe. Natoa kamera nafuta na kitambaa narudi tena maana tone limeanguka kwenye lenzi. Haya, taa naipunguza kidogo kwa sababu oili inang'aa inaleta mwanga mweupe, hiki kigurudumu cha taa kipo hapa kwenye waya, kizuri. Mnaona? Upande huu matundu yako wazi yanapitisha mwanga. Sasa naisogeza kushoto kidogo tu... unaona ile nyeusi? Ile sio kivuli. Nasogeza taa, kivuli kingehama, hii haihami. Ni masizi, kama theluthi ya wavu imefunikwa.

Baba mdogo uko hapo? Njoo uangalie mwenyewe. (Anasema gari inatembea vizuri haina shida.) Sawa baba, shikamoo yangu iko palepale, lakini asubuhi ukiwasha ile taa ya oili inachukua muda gani kuzima? Mmesikia wadau? Anasema sikuhizi inachelewa kidogo. Hiyo kidogo ndo turbo inazunguka kavu.

Nafuta kauli yangu ya mwanzo. Ya lenzi moja usinunue, mi nilisema inatosha, haitoshi, kwa kazi hii haitoshi. Kale kakioo wanakokupa ka kupachika mbele ili uone pembeni kanachomoka, na kakichomokea ndani ya sampo umejitafutia kazi ya pili. Na zile za waifai nilijaribu moja ya jamaa yangu, picha inachelewa, unasogeza mkono picha inafuata baadaye, unaweza ukagonga kitu. Ya waya hii picha inakuja palepale.

Bei sasa. Mi niliichukua Kariakoo 45,000, nimerudi juzi kumnunulia rafiki naambiwa 60,000, mtu yuleyule. Tukaelewana 50,000. Hata hiyo 60 ukiiweka pembeni ya bei ya turbo, mtumba tu nilitajiwa 900,000 bila ufundi, hainipi shida kusema chukua. Kabla sijasahau, Ijumaa usiku tutakuwa laivu, tumefika watu 20,000 kwenye chaneli, asanteni sana, mtaniuliza yote ya timing belti, ule mkanda wa injini, kwa sababu hilo nalo kwenye 1KD likikatika huna injini.

Turudi, tumalizie na turbo yenyewe. Nimefungua huu mpira unaotoka kwenye boksi la filta ya hewa kuja kwenye turbo. Ukifungua weka kitambaa safi, skrubu moja ikidondokea humu ukawasha gari, kwisha. Kamera ndani, lenzi ya mbele inatosha hapa. Haya mapanga, angalia ncha zake. Ziko kali, hazijaliwa. Zikiwa zimeliwa ujue filta ya hewa ilikuwa inapitisha vumbi. Angalia ukuta wake, hauna mkwaruzo mpya, maana yake panga haligusi ukuta. Kuna oili kidogo inalowanisha, ya kawaida kwa umri huu, ingekuwa inatiririka ningeshtuka.

Alafu kidole. Naishika nati ya katikati, natikisa kushoto kulia, inacheza kidogo. Hapa watu wengi wanauziwa turbo bure! Kucheza kidogo pembeni ni halali kwa sababu oili ya kuishikilia haipo injini ikiwa imezimwa. Sasa naivuta mbele naisukuma nyuma... haiendi. Safi. Hiyo ya mbele na nyuma ikicheza ukaisikia kidoleni, hapo kweli ina shida. Baba mdogo turbo yako bado nzima, tumeiwahi.

Kuhusu taima za turbo mlizoniuliza, zile zinazoacha gari inaunguruma ukishatoa ufunguo, mi sioni haja. Umetoka kupanda mlima Kitonga umesimama kula, iache iungurume dakika moja mbili alafu zima. Ukizima ikiwa ya moto vile oili iliyobaki kwenye turbo inaungua inakuwa mkaa, na mkaa unaziba njia. Kwenye foleni za mjini umetembea pole, kaa tu ukusanye mizigo yako uzime. Na asubuhi usiikanyagie gari hapohapo, na ukitoka kubadilisha oili vilevile. Oili mi nabadilisha kila kilomita 5,000 na filta yake, kwa vumbi letu sisogezi.

Haya, fundi ameshaleta silikoni ya kubandikia sampo, tunashusha hii sampo leoleo tuoshe chujio, maana kuliona bila kulisafisha haisaidii. Washa za shaba nne hizi hapa mezani, mpya. Kesho asubuhi nozeli zinatoka, na kamera tutaiingiza kwenye matundu yake kabla hatujarudisha. Baba mdogo, gari inalala hapa.