Royal Enfield Classic 350 kwa mzee wa miaka 63: siti, stendi, na kiki wasiyoiweka

Sikilizeni kwanza. Mimi nanyamaza, nyie sikilizeni tu.

Mmesikia? Du, du, du, du. Haina haraka na mtu. Haya, naizima, maana jirani ana mtoto mchanga na jana alinitazama vibaya.

Karibuni tena wanangu, na wazee wenzangu mnaoangalia kwa bando la wajukuu. Hii ndiyo pikipiki ya Royal Enfield Classic 350 niliyowaahidi. Habari za injini mnazo, zimejaa mtandaoni: silinda moja, ujazo wa sisi (cc) 349, gia tano, nguvu za farasi ishirini na kidogo. Sitawachosha. Leo nataka muone kitu ambacho vijana wanaochambua pikipiki hawakionyeshi, kwa sababu kwao si kitu. Kupanda na kushuka.

Mjukuu wangu, shusha kamera, waone miguu.

Nasimama kushoto, stendi ya pembeni iko chini. Mkono wa kushoto umeshika usukani, wa kulia umevuka tenki umeshika breki ya mbele isije ikatambaa. Sasa mguu wa kulia. Hapa ndipo wazee tunapojulikana. Siti iko milimita 805 kutoka chini, sentimita themanini na nusu. Mguu huo, umepita, haukugonga siti ya nyuma, nimekaa. Mmesikia nikiguna? Sikuguna. Na tazameni visigino, vyote viwili vimelala chini, na mimi si mrefu, mnanijua. Ukisimama kwenye foleni au kwenye mchanga, kisigino kilicholala ndicho kinachokuzuia usianguke.

Nashuka. Ngoja, narudia kupanda, mara hii nimevaa buti. Buti zito ndilo mtihani. Mguu huo… umepita. Mnaona?

Maana niwaambie, mimi kwanza nilikuwa nimeitaka Honda Africa Twin. Nani asiyeitaka? Jina lenyewe linakuita, na ukoo wake ni wa zile Honda zilizoshinda mbio za jangwani za Paris–Dakar mara nne mfululizo, 1986 hadi 1989. Injini yake ni sisi zaidi ya elfu moja! Lakini siti yake ni milimita 850 ukiiweka chini, 870 ukiipandisha, na uzito unapita kilo 220. Nilikaa juu ya moja, ikabaki ncha za vidole tu ndizo zinazogusa sakafu. Nikashuka taratibu, nikamshukuru mwenye nayo. Ningekuwa na miaka 40 tungekuwa tunazungumza mengine.

Hii nayo si nyepesi, kilo 195. Boxer ya bodaboda haifiki hata 130. Kuna aliyeniandikia, “Mzee, hiyo utainyanyuaje kuiweka dabo stendi?” Yaani ile stendi ya katikati, yenye miguu miwili. Siinyanyui. Sogea hapa, mjukuu. Mkono wa kushoto usukani, wa kulia kwenye kishikio hiki karibu na siti ya nyuma. Naikanyaga stendi mpaka miguu yake yote miwili iguse ardhi, ukisikia pikipiki imetulia wima ujue tayari. Sasa sivuti kwa mgongo, nasimama tu juu ya hiki chuma kwa uzito wangu wote. Kwaa! Imepanda yenyewe. Ukivuta kwa kiuno, wiki nzima utatembea umeinama na mama watoto atasema alikuonya.

Sasa niwaambie kinachoniudhi. Haina kiki, ile ya kuwashia kwa mguu. Tangu walipoleta injini hii mpya mwaka 2021, kiki wameitoa, unawasha kwa selfu, yaani kitufe, peke yake. Royal Enfield bila kiki!

Nyie hamjui. Mimi nilisoma Pune, India, miaka ya 80, kama vijana wengi wa huku wakati ule. Mji ulijaa skuta za Bajaj Chetak, lakini mwenye nyumba wetu alikuwa na Royal Enfield Bullet, na kuiwasha ilikuwa kazi ya mtu mzima. Kwenye kichwa cha taa kuna kimshale cha kupima umeme. Unasukuma kiki polepole mpaka mshale urudi katikati. Unabana kijiti cha kutoa pumzi kwenye silinda, unasukuma tena kidogo, unaachia kijiti, halafu unakanyaga mara moja kwa moyo wote. Ukikosea, kiki inarudi na kukupiga kwenye ugoko. Na gia zilikuwa mguu wa kulia, breki kushoto! Mashine ya Waingereza wa Redditch ile. Jina la Bullet ni la mwaka 1932. Serikali ya India ikaziagiza kwa ajili ya jeshi, na mwaka 1955 zikaanza kuunganishwa Madras, ndiyo Chennai ya leo. Kiwanda cha Uingereza kikaja kufungwa, Wahindi wakaendelea kuitengeneza karibu vilevile. Mzee yule aliniruhusu kuifuta vumbi. Kuiendesha, hapana.

Kwa hiyo nataka kiki yangu. Betri ikifa huko Handeni porini nifanyeje, nizisukume kilo 195 juani? Ingawa tukisema ukweli, goti hili lingepiga kiki ngapi kwa asubuhi moja? Basi, selfu ni sawa. Lakini wangeiweka hata ya pambo.

Na huwezi kuwalaumu kwa yote. Bullet za zamani zilitetemeka mpaka kwenye vioo huoni anayekufuata ni lori au ng'ombe. Hii ina shafti ya mizani ndani ya injini ya kupunguza mtetemo, vioo vimetulia. Nimeipeleka Mombo, nikapanda nayo Soni mpaka Lushoto, zile kona mnazijua, mwamba upande huu, korongo upande ule. Gia ya tatu, na kwa sehemu kubwa sikuibadilisha. Ina nguvu ya kuvuta kuanzia chini kabisa, huhitaji kuipigia kelele. Barabara ya lami iliyonyooka ukitaka mia na ishirini, nunua nyingine. Mimi kwa themanini nimeridhika, naona mikonge, nasalimia watu.

Hapa wananiuliza kuhusu pesa, tena wengine kwa ukali. “Mzee, mafao si ungejenga?” Jamani. Nilipostaafu kila mtu alikuwa na mpango na mafao yangu. Mwanangu mkubwa alitaka Bajaji tatu za biashara. Shemeji alikuja na kuku wa nyama. Mwingine na shamba la vanila sijui wapi. Nyumba nilishajenga, watoto nilishasomesha. Na lile kundi letu la WhatsApp la waliosoma Pune, zamani lilikuwa la vichekesho na picha za kanzu za harusi. Siku hizi ukiona limelia asubuhi ni rambirambi. Unasoma jina, unakumbuka huyu nilikula naye chapati. Nilijiuliza nangoja nini, sikupata jibu, nikaenda kulipa. Nikisubiri miaka mitano mingine, huu mguu mliouona ukipita juu ya siti pengine hautapita.

Kwa hiyo mzee mwenzangu unayeangalia, kabla hujauliza rangi, nenda ukapande na kushuka hapo dukani mpaka muuzaji achoke. Halafu leseni. Hapa Tanzania pikipiki inayozidi sisi 125 ni daraja A, usije ukadhani ile ya gari inatosha. Mimi nilirudi darasani, nikakaa na vijana wa boda, wakaniita babu mpaka mwisho wa mafunzo. Na jua likizama naegesha. Macho yangu na taa za malori hazielewani.

Jambo dogo: hizi zenye rimu za spoku zinatumia tyubu. Pancha njiani ni kufungua tairi. Zile za rimu nzima, zisizo na spoku, hazina tyubu, na ningeshauri hizo, ila spoku ni nzuri zaidi kuangalia na mimi nimenunua kwa macho.

Bei. Kule India inauzwa karibu rupia laki mbili, kutegemea toleo. Ongeza meli, ushuru, kodi na usajili. Niliyolipa mimi sitaji, kwa sababu mama yenu anaiangalia hii chaneli. Niseme tu ungepata Boxer tatu mpya na chenji ya helmeti, na kama unatafuta hela ya kila siku, chukua hizo Boxer.

Habari za chaneli: video zimehamia Jumamosi, kwa kuwa Ijumaa mjukuu ana masomo ya ziada na bila yeye hakuna kamera. Wiki ijayo tunamwaga oili ya kwanza hapahapa uani. Mwenye swali la oili aliweke hapo chini. La bei msilirudie, sijibu.