REAPER kwenye laptopu ya GB 8: uzoefu wangu na RAM inayojaa

Niseme mapema ili mtu asije kunidai: REAPER, programu ya kurekodi na kupanga muziki kwenye kompyuta, haitapunguza uzito wa ala zako za ndani ya kompyuta. Kama una piano inayokula GB 3, humu nayo itakula GB 3. Nilichoipendea ni kwamba inakuachia nafasi ya kumjua mlaji na kumtoa bila kazi yako kuharibika. Kwa sisi tunaofanya kazi na mashine za mtumba, hilo si jambo dogo.

Mimi kazi yangu kubwa ni kwaya. Sauti nne, kila sauti inarekodiwa zaidi ya mara moja ili inenepe, halafu piano, kinanda, nyuzi, besi, ngoma, na siku hizi kila mwalimu wa kwaya anataka tarumbeta kwenye kiitikio. Laptopu ni ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ya GB 8. Windows na vikorokoro vyake, kabla sijagusa kitu, imeshabeba karibu GB 3. Fungua kivinjari uangalie maneno ya wimbo, GB nyingine hiyo imekwenda. Studio inaanza kazi na nusu ya mkate.

Dalili za RAM kujaa nazijua tangu kwenye programu niliyokuwa nikitumia zamani. Wimbo unatembea vizuri, ukifika kiitikio cha pili taa ya diski inawaka moja kwa moja, kishale cha mausi kinanata, na watu kumi na kitu wanakutazama mgongoni. Maprodyuza wengi hapo wanakimbilia kupandisha bafa, ile akiba ndogo ya sauti inayompa prosesa muda wa kuichakata, hadi 1024. Bafa ni habari ya prosesa: sauti ikikwaruza na kukatikakatika kwa sababu prosesa imezidiwa, ndipo bafa inasaidia. RAM ikijaa, Windows inaanza kuhamishia vitu kwenye diski, na hata SSD haiwezi kukimbizana na RAM. Kwa diski ya kuzunguka ndiyo basi tena. Pandisha bafa mpaka 2048 ukitaka, hutapata hata MB moja.

Ukipiga hesabu unaona mzigo uko wapi. Sauti ya mono ya biti 24 kwa kHz 48 ni chini ya MB 9 kwa dakika. Traki 20 za waimbaji, yaani mistari 20 ya sauti, kwenye wimbo wa dakika 4 hazifiki MB 700, na REAPER inazisoma kutoka kwenye diski kadiri wimbo unavyokwenda, haizipakii zote kwenye RAM. Sasa chukua piano ya sampo, yaani ya vipande vilivyorekodiwa kwenye piano halisi: noti 88, kila moja imerekodiwa kwa nguvu tano za mguso, sekunde 10 kwa kila sampo, stereo. Hapo tayari umepita GB 1.2, na hiyo ni maikrofoni moja. Mtengenezaji akikuongezea ya mbali na ya katikati, unakaribia GB 4. Ni kweli vipiga sampo vingi hupakia mwanzo tu wa kila sampo na kusoma uliobaki kutoka diskini, kwa hiyo haiingii yote. Lakini mlaji ni piano, mwimbaji wa teno hana hatia. Na zile maikrofoni za ziada za piano, zizime. Kwenye wimbo wenye waimbaji thelathini hakuna atakayesikia tofauti.

Kwenye menyu ya View kuna kidirisha kinaitwa Performance Meter. Mimi hukiacha wazi pembeni muda wote. Kinaonyesha prosesa traki kwa traki, lakini RAM kinaonyesha ya jumla tu, na hapo natamani wangeongeza. Kwa hiyo mlaji namtafuta kwa kumtoa. Narudi kwenye orodha ya plagini za traki, yaani ala na athari zilizochomekwa humo, nabofya kitufe cha kulia juu ya ala, nachagua kuiweka offline, kisha natazama namba. Kwenye wimbo mmoja wa shukrani niliitoa nyuzi nikitegemea nafuu kubwa, namba ikashuka kidogo tu. Nikatoa kinanda cha kanisa, ambacho kilikuwa kinashika noti ndefu tatu kwa chini chini na hakuna aliyekuwa akikijali, ikaporomoka zaidi ya GB nzima.

Hapa wengi wanachanganya. Kuzima plagini kwa kitufe cha bypass hakukupi RAM yoyote, kwa sababu ala bado imekaa palepale ndani, imenyamaza tu. Ukiiweka offline ndipo inapakuliwa, na mipangilio yake inabaki imehifadhiwa mpaka utakapoiita tena.

Kinachoniweka REAPER hasa ni Freeze. Unabofya jina la traki kwa kitufe cha kulia, unaigandisha, inageuka sauti ya kawaida na plagini zake zinatoka kwenye RAM. Ukitaka kurekebisha unaiyeyusha, na noti zako zote zinarudi kama zilivyokuwa. Mtindo wangu ni kugandisha ala zote nzito kabla waimbaji hawajaingia. Wakati wa kurekodi, laptopu inakuwa inapiga mafaili ya sauti tu, inapumua. Kasoro yake ni pale mwalimu anaposema, "Prodyuza, tushushe kidogo, soprano wanakaba huko juu." Hapo unayeyusha kila kitu, unashusha noti, unasubiri sampo zipakiwe upya, unagandisha tena. Kwenye diski ya kuzunguka ni muda wa watu kwenda kunywa chai na kurudi. Siku hizi sigandishi chochote mpaka soprano wajaribu ule mstari wa juu kuliko yote.

Anayetumia Kontakt, kipiga sampo kinachojulikana sana, hata ile Player ya bure, ana njia nyingine ndani ya ala yenyewe: menyu ya Purge. Unaondoa sampo zote, unapiga wimbo mara moja toka mwanzo hadi mwisho, na zinapakiwa zile tu ambazo wimbo unazigusa. Wimbo wa kwaya hautumii noti 88. Mara nyingi hata 30 hazifiki. Wakati wa ile mara ya kwanza noti nyingine zitachelewa au zitakosekana, usishtuke, rudia.

Kuna pia uwezo wa kuendesha plagini kama mchakato wake peke yake. Hiyo inaongeza RAM kidogo badala ya kupunguza, ila plagini ikianguka haianguki na wimbo. Naitumia kwa plagini moja tu ninayoijua tabia yake.

Lawama zangu: sura yake ya kiwandani ni kavu, menyu ni msitu, na haiji na ala za maana. Anayetaka kufungua na kukuta midundo tayari atajisikia kaingia nyumba isiyo na viti. Athari zake lakini, ReaEQ ya kurekebisha besi na sauti za juu na ReaComp ya kusawazisha nguvu ya sauti, ni nyepesi mno, na nazitumia kwenye kila sauti bila kuwaza.

Faili la kusakinisha ni dogo, chini ya MB 30, bando halilii. Imetengenezwa na Cockos, kampuni ya Justin Frankel, yuleyule wa Winamp, ile programu ya zamani ya kusikiliza muziki, na mtu aliyewahi kutumia Winamp ataelewa wepesi huu umetoka wapi. Unajaribu kwa siku 60 ikiwa kamili bila kufungiwa kitu, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60.

Pamoja na hayo yote, RAM ya GB 8 nyingine ingenisaidia kuliko ujanja wote niliousimulia. Sina pa kuichomeka, kwenye mashine yangu imechomelewa kwenye bodi. Kama unakwenda kununua laptopu ya mtumba kwa kazi hii, mwambie muuzaji afungue mfuniko wa chini mhesabu nafasi za RAM kabla hujatoa hela.