Klachi ya Subaru WRX na STI: ipi ununue bila kufilisika

Weka gia ya nne, mwendo wa kilomita 60 hivi kwa saa, kisha kanyaga mafuta mpaka chini. Mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ukiruka juu huku ule wa mwendo ukijikokota, klachi imekwisha. Kwenye gari lenye turbo hali hii hujitokeza pale turbo inapoanza kusukuma, RPM 3,000 na ushee, kwa hiyo mtu wa kwenda kazini na kurudi polepole anaweza kukaa miezi asijue. Ila kabla ya kutoa hela, tenganisha mambo mawili. Klachi kuteleza ni ugonjwa mmoja. Klachi kutokata, yaani kutoiachia injini unapokanyaga pedali, ni ugonjwa mwingine. Gia zikigoma kuingia na pedali imelegea, angalia kwanza silinda ya juu na ya chini za klachi na kama mafuta ya breki yanavuja. Hizo hubadilishwa bila kushusha gia boksi, na bei yake ni ndogo.

Nazungumzia Impreza za 2000 hadi 2007, WRX na STI, kwa kuwa ndizo zinazosumbua wengi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, maana yake zilizopo barabarani ni zile zile zilizoingia zamani, zimepita mikono mingi, na klachi zake zimepitia mengi pia.

Jambo la kushika kabla ya bei yoyote ni hili: kwenye Subaru, difu ya mbele imo ndani ya gia boksi. Ili kuifikia klachi, fundi anang'oa intakula (kipoza hewa ya turbo), bomba la ekzosi, propela shafti, anachomoa shafti za mbele, ndipo anashusha boksi. Kazi hiyo hailegei eti kwa sababu umenunua klachi ya bei chee. Ukiweka ya bei nusu ikadumu miezi sita, umelipa ufundi mara mbili, na hapo hujahesabu siku ambazo gari limekaa juu ya mawe.

Jua pia gari lako lina nini. WRX ya gia 5 hutumia klachi ya milimita 230, STI ya gia 6 ya milimita 240. Halafu kuna aina ya kuvuta na ya kusukuma, yaani namna beringi inavyoikata klachi: STI ya gia 6 huvuta, WRX za mpaka 2005 kwa kawaida huvuta, na kuanzia modeli ya 2006 WRX zikahamia kusukuma. Seti hizi haziingiliani. Na usitegemee namba ya chesisi peke yake. Mengi ya magari haya yamebadilishiwa boksi, mengine yalizaliwa otomatiki. Mwambie fundi achungulie ubavu wa boksi: ile ya kuvuta ina kizibo chenye tundu la pembe sita, la kufunguliwa kwa alenki ya milimita 10.

Sasa chaguo zenyewe, kuanzia ninalolipendekeza.

Namba moja, na kwa mbali: seti ya kawaida ya Exedy. Hii ni kampuni ya Kijapani iliyokuwa ikiitwa Daikin Manufacturing, nayo ndiyo iliyokuwa ikiitengenezea Subaru klachi za kiwandani. Ndani ya katoni unapata pleti, presha pleti inayoibana, rilizi beringi inayoikata na kile kijiti cha plastiki cha kuweka pleti katikati. Pedali inabaki laini, gari linaondoka bila kutetemeka, na nguvu za kiwandani inazimudu vizuri, hata ukiwa umebadilisha ekzosi na chujio la hewa. Tatizo ni feki. Zimejaa. Ukiletewa katoni mpya ya Exedy kwa nusu ya bei ya duka la pembeni, hiyo si bahati. Fungua uangalie: namba iliyopigwa kwenye chuma cha presha pleti isomeke vizuri na ilingane na ya kwenye katoni, riveti ziwe zimekaa sawasawa, springi za katikati zisicheze ukizishika kwa vidole. Muuzaji wa Kirinyaga Road au Kariakoo asiyetaka ufungue katoni mbele yake, muache.

Namba mbili ni kwa aliyeongeza nguvu: kompyuta ya injini imepangwa upya, presha ya turbo imepandishwa. Hapo chukua presha pleti nzito pamoja na pleti ya kawaida isiyo ya vidonge (vipande vidogo vya shaba au seramiki). Exedy wanaiita Stage 1, na ACT wa Marekani wana yao ya barabarani. Bei hupanda, mara nyingi karibu mara mbili ya seti ya kawaida. Mguu wa kushoto utaisikia kwenye foleni ya Mombasa Road saa kumi na mbili jioni, na kila ukikanyaga, mzigo huo huenda kwenye beringi za krenki. Kwa hiyo usiinunue "kwa akiba" kama injini yako bado ni ya kiwandani.

Namba tatu, seti ya Subaru yenyewe kutoka kwa wakala. Haina kasoro hata moja isipokuwa bei. Mara nyingi unalipia katoni yenye nembo ya nyota. Kama feki zinakunyima usingizi na mfuko unaruhusu, nunua ulale.

Klachi iliyotumika kutoka Japani naiweka ya nne, kwa sharti. Ikija imefungwa kwenye injini na boksi ulivyonunua kwa pamoja, na boksi bado liko chini, ni halali kuipima. Chukua venia, kile kipimo cha milimita, pima kina kutoka uso wa pleti hadi kichwa cha riveti. Kikomo ni milimita 0.3, pleti mpya huwa na zaidi ya milimita moja. Ikiwa imebaki nyingi na uso hauna mafuta, itumie. Lakini pleti ya mtumba iliyoning'inizwa ukutani peke yake, bila presha pleti yake, sitoi hata shilingi.

Kuvalisha pleti upya, ile ya kupiga lining na riveti mtaani, inafanya kazi kwenye Canter na trekta. Injini za dizeli zinazunguka taratibu. WRX inapita RPM 7,000, na lining iliyogongwa kwa nyundo ikiachia kwenye mzunguko huo inaweza kupasua nyumba ya klachi chini ya miguu yako.

Ya mwisho kabisa ni zile za vidonge vya shaba au seramiki, za bei ya kutupa, zenye maandishi ya "racing". Vijana wanazipenda. Zinang'ata ghafla, gari linaruka kama mbuzi kwenye kila taa, na zinachimba flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo pleti hushikana nalo. Ubaya mkubwa hauonekani: boksi la gia 5 la WRX linajulikana kwa meno dhaifu, na klachi ya kawaida ikiteleza kidogo unapoondoka kwa fujo, ndiyo inayoyaokoa. Ukiweka isiyoteleza kabisa, kinachovunjika ni gia. Boksi la STI linastahimili zaidi, lakini hata hapo sioni sababu kwa gari la kwenda sokoni.

Pesa utakayookoa kwa kuchagua seti ya kawaida, ipeleke kwenye vitu vilivyojificha. Oili sili ya nyuma ya krenki: ikivuja, mafuta yanaingia kwenye pleti na klachi mpya inateleza ndani ya wiki chache. Beringi ndogo ya pailoti katikati ya flaiwili. Foki (ule mkono unaosogeza beringi ya klachi) na ekseli yake, vikiwa vimelika. Flaiwili yenyewe, ikiwa na madoa ya bluu au nyufa ndogo za joto, ipeleke karakana ya kusaga uso kwa mashine, si kusugua kwa msasa. Nyufa zikiwa za kina, nunua nyingine. Flaiwili nyepesi hazina haja.

Fundi mpime kwa swali moja. Kwenye boksi la kuvuta, muulize anavyotenganisha foki na beringi kabla ya kushusha. Anayejua atakwambia anafungua kile kizibo cha alenki ya 10, anafunga boliti ya M6 kwenye kipini kilichomo ndani, anakivuta nje, ndipo boksi linaachia. Asiyejua atakujibu "tunalisukuma tu kwa bisibisi kubwa", na hapo ndipo foki zinapopinda. Mwombe pia atumie spana ya torki: flaiwili Nm 72, presha pleti takriban Nm 16, boliti zikikazwa kwa kupishana, kidogo kidogo. Kwa mkono wa fundi aliyezoea lori, Nm 16 zinapita bila yeye kujua.

Gari likishuka, kilomita 800 za kwanza ziwe za mjini, kusimama na kuondoka kwa upole, bila kufungua turbo mpaka mwisho. Uso wa pleti na wa flaiwili unatakiwa kuzoeana kwa joto dogo la mara kwa mara. Harufu nyepesi siku mbili tatu za mwanzo ni ya kawaida; ikiendelea hadi wiki ya pili, au pedali ikianza kushikia juu kabisa, rudi gereji wakati fundi bado anaikumbuka kazi yake.