OJS kwa wahariri wa majarida: mtiririko mzuri, siri inayovuja

Open Journal Systems, kwa kifupi OJS, ni programu ya bure ya kuendeshea jarida la kitaaluma, tangu makala inapowasilishwa hadi toleo linapowekwa mtandaoni. Inatengenezwa na Public Knowledge Project ya Kanada, mradi ulioanzishwa na John Willinsky mwaka 1998. Tovuti ya AJOL (African Journals Online), yaliko majarida mengi ya Afrika, hutumia programu hiyohiyo. Hapa tunapima matoleo ya 3, na hasa hatua ya uhakiki, yaani wataalamu wengine kuipima makala kabla haijachapishwa, maana hapo ndipo jarida hupata heshima au kuipoteza.

Kazi imegawanywa katika hatua nne: uwasilishaji, uhakiki, uhariri wa lugha na uandaaji wa nakala ya mwisho. Makala isiyohusiana na jarida irudishwe hatua ya kwanza kabisa. Kumtwika mhakiki makala ambayo mhariri mwenyewe anaona haifai ni kumkosea adabu. Makala inayofaa husukumwa kwenye uhakiki, na wakati wa kuisukuma hutokea orodha ya faili zenye visanduku. Faili isiyowekewa tiki haivuki. Kosa hili ni jepesi kulifanya na lina madhara: mhakiki anakubali mwaliko, anafungua ukurasa, hakuti kitu cha kusoma. Asipouliza, mhariri atamhesabu kuwa amechelewa.

Sifa kubwa ya OJS ni kwamba kila kitu kina tarehe na kumbukumbu: nani alialikwa, lini alijibu, alipendekeza nini. Muda wa kujibu mwaliko na muda wa kuhakiki hupangwa kwa wiki. Wiki 1 ya kujibu na wiki 4 za kuhakiki zinatosha kwa makala ya kawaida. Kuna pia kiungo cha kumwingiza mhakiki moja kwa moja bila nywila. Kiwasheni, kwa sababu nywila iliyosahaulika imekwamisha wahakiki wengi wazuri.

Udhaifu mkubwa uko kwenye siri. Programu inatoa njia tatu: mwandishi na mhakiki wasijuane, mhakiki pekee afichwe, au wote wajulikane. Ukichagua wasijuane, OJS inaficha majina kwenye kurasa zake, lakini haigusi kilichomo ndani ya faili. Jina la mwandishi hubaki kwenye sifa za faili ya Word, kwenye maoni ya pembeni, kwenye shukrani na hata kwenye jina la faili lenyewe. Ni lazima mtu afungue faili, aendeshe ukaguzi wa waraka wa Word, afute taarifa binafsi, kisha apakie nakala iliyosafishwa kwa jina lisilomtaja mtu. Faili ambayo mhakiki anairudisha ikiwa na maoni isafishwe vilevile kabla mwandishi hajaiona. Na kuna lisilofutwa na programu yoyote: sentensi kama “nilivyoonesha katika utafiti wangu wa awali” ikifuatiwa na jina na mwaka. Katika taaluma yenye watu wachache wanaofahamiana, kama isimu ya Kiswahili, sentensi hiyo moja inatosha kumfichua mtu.

Fomu ya kawaida ina visanduku viwili vya maoni: kimoja cha mwandishi na mhariri, kingine cha mhariri peke yake. Wahakiki huvichanganya. Mhariri asome kila neno kabla ya kubofya kitufe kinachoingiza maoni kwenye barua ya uamuzi. Mkitengeneza fomu yenu wenyewe, kila swali lina alama ya kuamua kama jibu lake limfikie mwandishi. Ikagueni moja moja.

Baruapepe ndiyo inayowatesa wahariri kuliko yote. Mwaliko hutoka kwenye seva ya jarida ukibeba anwani ya Gmail ya mhariri, nazo seva zinazoupokea huuona kama ulaghai na kuutupa kwenye spamu. Dawa iko kwenye config.inc.php, faili ya mipangilio ya OJS: wekeni SMTP halisi (seva ya kutumia baruapepe), washeni force_dmarc_compliant_from, inayoweka anwani ya jarida mahali pa ile ya mhariri, na fundi wa seva aweke rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kweli kwenu. Barua za kukumbusha nazo hazitoki mpaka kazi za ratiba ziwe zimewashwa na kuna kitu kinachoziendesha, kwa kawaida cron, programu ya seva inayoendesha kazi kwa saa zilizopangwa. Muulizeni fundi huyohuyo kama folda ya files_dir, inamohifadhiwa faili zilizopakiwa, iko nje ya eneo la wazi la tovuti. Ikiwa ndani, makala ambazo hazijachapishwa zinaweza kupakuliwa na mtu yeyote.

OJS haijumlishi kura, na hilo ni jambo jema. Mapendekezo mawili ya kukubali na moja la kukataa hayazai uamuzi. Mhariri ndiye anayeamua na kuandika sababu. Akiomba marekebisho, achague mapema kama yatarudi kwa wahakiki au la. Yakirudi, duru ya pili ya uhakiki haijifungui: ni yeye wa kuifungua, kuchagua faili iliyorekebishwa na kuwaalika wahakiki upya. Akiruka hatua hiyo, wahakiki hawatayaona marekebisho hayo.