Karatasi tupu ya kura: imefaulu Alberta, Oyam ingezua balaa

Kinachopimwa hapa ni kipande cha karatasi chenye nafasi moja ya kuandika, na kama kingefaa kwetu Uganda. Tarehe 18 Agosti 2025, katika uchaguzi mdogo wa Battle River–Crowfoot, jimbo la mashambani mkoani Alberta, wapigakura wa Kanada walipewa karatasi isiyo na jina la mgombea yeyote. Unachukua penseli, unaandika jina la unayemtaka, unakunja, unatumbukiza kwenye sanduku.

Chanzo ni wagombea 214. Kundi la wanaharakati wanaotaka mfumo wa uchaguzi ubadilishwe liliandikisha watu kwa makusudi, na mlango ulikuwa wazi: dhamana ya dola 1,000 ilifutwa na mahakama mwaka 2017, na sheria ilimruhusu mtu mmoja kutia saini fomu za wagombea wengi. Uganda mgombea ubunge anahitaji saini za wapigakura 10 tu, lakini analipa shilingi milioni 3 zisizorudi. Kwa watu 214 hizo ni milioni 642. Mzaha wa bei hiyo hauna mnunuzi.

Karatasi ya kawaida ilikwisha kushindwa. Aprili mwaka huohuo, Carleton, Ontario, ilikuwa na wagombea 91 na karatasi ya karibu mita moja, na hesabu ikakesha. Pierre Poilievre, kiongozi wa chama cha Conservative aliyepoteza kiti hicho, ndiye aliyehamia Battle River–Crowfoot akashinda kwa zaidi ya asilimia 80. Ukilinganisha, uchaguzi mdogo wa bunge la mkoa wa Olds-Didsbury-Three Hills, Alberta hiyohiyo, 23 Juni 2025, ulitumia karatasi yenye majina bila tabu, maana wagombea walikuwa wachache.

Matumizi yake ni rahisi kwa anayejua kuandika. Orodha ya wagombea iko kituoni, imepangwa kwa alfabeti. Ukikosea herufi kura haiharibiki, mradi nia yako ieleweke. Mtego uko kwenye chama: aliyeandika jina la chama peke yake, kura yake inakataliwa. Asiyeweza kuandika anasaidiwa na ofisa wa kituo au mtu wake, na hapo siri inapungua.

Kwenye kuhesabu ndipo sifa za karatasi hii zinapotiwa chumvi. Ndiyo, ilifanya kazi. Lakini mshindi alikuwa na kura nane katika kila kumi, kwa hiyo rundo kubwa lilikuwa la jina moja, na kubishania mwandiko wa kura tano hakungebadilisha chochote. Mtihani ulikuwa mwepesi. Pengo likiwa kura kumi na mbili, kila "nia inaeleweka" ingekuwa kesi.

Sasa ilete Oyam Kaskazini, jimbo la kaskazini mwa Uganda, ambako uchaguzi mdogo ulifanyika Julai 2023. Karatasi ya Uganda ina jina, picha na alama ya chama. Unatiki au unaweka dole gumba. Wakati wa kuhesabu msimamizi anaiinua juu, na hata bibi aliyekaa chini ya mwembe anaona imeenda kwa nani. Mwandiko hauonekani hivyo. Halafu huko ni eneo la Lango, ambako kina Okello ni wengi: andika "Okello" tu, na wagombea wawili watadai ni yake.

Hilo la majina lina dawa. Lisilo na dawa ni mwandiko wenyewe. Tiki haina mwenyewe, ila mwandiko unao, na msimamizi wa kituo mara nyingi ni mwalimu aliyewafundisha nusu ya foleni kuandika. Mnunuzi wa kura naye atafurahi zaidi. Leo akitoa pesa hana hakika umetiki wapi, ingawa beseni unamotikia karatasi liko hadharani. Kwa karatasi tupu atakwambia uandike "Okelo" kwa l moja, jirani yako aandike "Okkello", na wakala wake atasimama wakati wa hesabu akiweka alama. Ule ulegevu wa herufi unaomlinda mpigakura wa Alberta ndio unaogeuka risiti.

Wala karatasi siyo iliyouangusha uchaguzi wetu mdogo wa karibuni. Kawempe Kaskazini, jijini Kampala, Machi 2025, matokeo ya vituo 14 hayakuingizwa kwenye jumla, na mahakama ikaufuta Mei. Fomu za matokeo na safari yake kutoka kituoni ndizo za kurekebishwa kwanza.

Alama: 7 kwa 10 Battle River–Crowfoot, 2 hapa. Hizo mbili ni kwa sababu karatasi ya aina hii Kanada imekuwepo tangu zamani kwa wanaopiga kura kwa posta, ambako inasafiri bila kusubiri orodha ya majina ichapwe. Lakini raia wa Uganda walio ng'ambo hawana kura ya posta, kwa hiyo hata huko bado haina pa kuanzia.